Je, wajua kwa nini zege la kokoto hugeuka jeupe baada ya kupakwa sila, ile dawa ya kulinda uso wake?

Zege la aina hii wengi tunalijua kwa macho: uso wake umeoshwa kwa maji na brashi kabla saruji haijakauka sawasawa, kokoto za kahawia, nyeusi na nyekundu zikabaki wazi. Linapendeza uwanjani, kwenye njia ya gari, kando ya bwawa. Siku linapopakwa sila, rangi za mawe zinakolea kana kwamba mvua imekatika sasa hivi. Kisha masika yanapita, na hapo katikati ya kokoto panaanza kutanda utando mweupe. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anailaumu sila. Mara nyingi mkosaji ni maji, tena yaliyotoka chini, ardhini.

Tuanze na ule mng'ao. Jiwe kavu lina uso wenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na mwanga ukigonga hapo hutawanyika kila upande. Ndiyo maana rangi yake inaonekana imepauka. Maji yakijaza mikwaruzo hiyo, mtawanyiko unapungua na rangi ya ndani inajitokeza. Sila ya akriliki hufanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe haikauki ikaondoka: inabaki juu kama utando wa plastiki nyembamba. Uzuri wake ndio huo, na balaa lake ndilo hilo.

Zege linapitisha mvuke. Kama chini yake hakukutandikwa nailoni, unyevu wa ardhini hupanda kupitia vitundu vya saruji hadi juu, na hapo unakutana na utando. Unyevu ukinaswa huacha ndani ya akriliki vitone na mapengo madogo sana, na hayo hutawanya mwanga upya, sawa na vitone vya mafuta vinavyochangia weupe wa maziwa. Zege la kokoto huumia kuliko sakafu laini kwa sababu sila hutiririka na kutuama kwenye mabonde baina ya mawe. Inama ulitazame: vichwa vya kokoto bado vinang'aa, weupe umekaa mabondeni, kule utando ulikokuwa mnene.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei dukani, jiulize: maji ya chini yatatokea wapi? Kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike kwenye zege kwa gundi ya utepe pande zote nne, uiache kwa angalau saa 16. Ukiibandua ukakuta matone kwa ndani, au zege limekolea rangi, achana na sila ya utando. Na hata kama pako pakavu, zege jipya lisubiri siku 28 kwanza.

Zipo sila za namna nyingine, zinazozama. Silani na siloksani huingia ndani ya vitundu, zikashikana na saruji na kuweka bitana inayoyafukuza maji lakini inauacha mvuke upite. Molekuli za silani ni ndogo zaidi, kwa hiyo huzama zaidi. Ndiyo sababu hutumika hata kwenye madaraja na magati, kuchelewesha chumvi ya bahari isifikie nondo. Kwa nyumba za pwani, mimi ningeanzia hapa. Ubaya wake ni kwamba hazing'arishi chochote. Ukishamaliza kupaka, mawe yanabaki na sura ileile, na wateja wengine huona wameibiwa. Pia hazizuii doa la mafuta ya gari vizuri kama utando unavyozuia. Angalia lebo, maana silikati nayo huuzwa kama sila, na kazi yake hasa ni kuikaza saruji; maji haiyafukuzi.

Epoksi, sila nyingine ya utando, iache ndani ya nyumba. Juani hugeuka njano, kisha huanza kutoa vumbi.

Na kama roho yako haitulii bila mng'ao? Basi akriliki ipakwe matabaka mawili membamba badala ya moja zito, asubuhi kukiwa na ubaridi, na rola ipitishwe tena na tena ili kuyakausha madimbwi mabondeni. Ukipaka jua la saa saba, kimiminika kinaruka haraka mno na kuacha viputo. Kando ya bwawa mwambie fundi achanganye chembe za kuzuia utelezi, kwa sababu kokoto za mviringo zilizopakwa utando zikilowa huteleza vibaya. Tarajia kurudia baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Kwa aliyekwisha kupata weupe, chukua kitambaa chenye zailini (kiyeyushi cha rangi) kidogo, usugue sehemu ndogo. Pakinata na weupe ukatoweka, hiyo ni akriliki ya kiyeyushi, si ya maji, na zege likiwa kavu unaweza kupitisha rola yenye zailini: utando unalainika, unyevu unatoka, unaganda upya. Zailini hushika moto haraka na mvuke wake ni sumu, kwa hiyo si kazi ya gereji iliyofungwa. Matabaka yakiwa yamerundikana miaka na miaka, zailini peke yake haitoshi. Itabidi utando wote uvuliwe. Na silani isipakwe juu ya akriliki kuukuu, maana haitapata vitundu vya kuingilia.