Umechoshwa na kiongozi wa chama chako? Yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kwenye sheria

Hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), kuanzia komini ya Katuba mpaka Ruashi, malalamiko ya mpiga kura mwaminifu aliyevunjwa moyo na kiongozi wake yanafanana. Hasira yenyewe mara nyingi ina haki. Tatizo ni kwamba inapelekwa mlango usio wake, kwa sababu ya mambo ambayo watu wameyaamini miaka mingi bila kuyachunguza.

“Nimekipigia kura tangu 2006, kwa hiyo nina neno juu ya kiongozi”

Kadi ya mpiga kura inatolewa na CENI, tume ya uchaguzi, na haimwandiki mtu kwenye kitabu cha chama chochote. Kiongozi huchaguliwa kwa kanuni za chama chenyewe, kwa kawaida kwenye kongre ya wajumbe wanaopanda kutoka seli, seksheni na federasheni. Anayehesabiwa huko ni mwenye kadi ya chama aliyelipa michango yake. Risiti zitunze, maana siku ya kuchagua wajumbe wa seksheni jambo la kwanza kubishaniwa ni nani amelipa.

Omba nakala ya katiba ya chama, ambayo huku tunaiita statuti. Usipoteze muda kwenye kurasa za maadili na malengo. Tafuta nani anaitisha kongre, baada ya miaka mingapi, na kama wanachama au federasheni zinaweza kudai kongre ya dharura. Ukikuta anayeitisha ni kiongozi peke yake, umeshajua kwa nini kongre haiji. Barua ya malalamiko ipitie seksheni yako, ikiwa na nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokea pamoja na tarehe. Bila muhuri huo, kesho watasema hawajaona kitu.

“Raisi wa nchi ndiye raisi wa chama”

Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2006 kinakataza: anayeshika urais wa Jamhuri hawezi kushika wadhifa wowote ndani ya chama. Ndiyo maana Félix Tshisekedi, aliyechaguliwa kuongoza chama cha UDPS mwaka 2018, alipoapishwa kuwa Raisi Januari 2019 uongozi wa muda ulikwenda kwa Jean-Marc Kabund. Kwamba neno la Raisi bado lina uzito mkubwa ndani ya chama, hilo halihitaji ushahidi. Lakini mwanachama anayetaka jibu rasmi kuhusu orodha au michango hana faida ya kuandikia Ofisi ya Raisi.

“Kiongozi simtaki, ila namchagua kijana wetu wa mtaa aliye kwenye orodha yake”

Hapa ndipo wengi wanapotea, na hesabu yake inastahili kufanywa polepole. Katika eneo la uchaguzi lenye viti vingi, kama mji wa Lubumbashi, unamchagua mgombea mmoja. Kura yako inaingia kwanza kwenye fungu la orodha nzima. Jumla ya kura halali inagawanywa kwa idadi ya viti, na unapata bei ya kiti. Viti vinavyobaki vinapewa orodha zenye masalio makubwa, yaani kura zilizobaki baada ya kulipia viti. Baada ya hapo tu ndipo wagombea wa orodha moja wanapangwa kwa kura zao binafsi.

Chukua mfano wa kubuni: kura 100,000, viti 5, bei ya kiti ni 20,000. Orodha A ina 41,000, B 33,000, C 15,000, D 11,000. A inachukua viti viwili na kubaki na 1,000. B inachukua kimoja na kubaki na 13,000. Viti viwili vya mwisho vinakwenda kwa C na B, wenye masalio makubwa. Sasa fungua orodha A: wagombea wake wanne wana 17,000, 11,000, 7,000 na 6,000. Wanaoingia ni wawili wa kwanza.

Tuseme kijana wako ni mmoja wa wale wawili wa chini, na wapiga kura wao wote 13,000 wangebaki nyumbani. Jumla inashuka mpaka 87,000, bei ya kiti inakuwa 17,400. A ina 28,000: kiti kimoja, masalio 10,600. D yenye 11,000 inaipita, na A inapoteza kiti cha pili. Maana yake, kura za vijana wawili walioshindwa ndizo zilizomwingiza mtu wa pili wa orodha, huenda yule yule uliyekuwa ukimkwepa.

“Basi nitaadhibu kwa kupigia kachama kadogo, au nitakaa nyumbani”

Kwa Bunge la Taifa, orodha inayokosa asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima inatolewa kwenye mgao. Mgombea anaweza kuongoza vizuri kwenye komini zetu za Kampemba na Kenya na bado akabaki nje kwa sababu chama chake hakina kitu Bandundu wala Kisangani. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa Juni 2022 iliongeza sharti lingine: chama au kundi la vyama lazima lisimamishe wagombea kwa asilimia 60 ya viti vinavyogombewa, la sivyo orodha zake hazipokelewi. Ndiyo sababu kwenye karatasi ya kura unaona jina la kundi usilolijua badala ya jina la chama chako. Uliza mapema chama kimejiunga na nani.

Kukaa nyumbani hakubatilishi kitu. Hakuna kiwango cha chini cha mahudhurio, na tangu marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 urais unaamuliwa kwa duru moja. Kwa uchaguzi wa Desemba 2018, CENI ilimtangaza mshindi mwenye asilimia 38.57.

“Mbunge aliyehama chama ananyang'anywa kiti”

Nusu ya kweli. Kifungu cha 110 cha Katiba kinasema anayeacha chama chake kwa makusudi wakati wa muhula amejivua ubunge. Neno linalobeba uzito ni *kwa makusudi*. Mbunge mjanja haandiki barua ya kujiuzulu: anabaki na kadi, anapiga kura na kambi nyingine, na kusubiri afukuzwe. Na kufukuzwa si kuacha. Zaidi ya hapo, kifungu cha 101 kinabatilisha agizo lolote la kumfunga mbunge mikono anapopiga kura. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, wabunge wengi waliochaguliwa upande wa FCC, kambi ya Raisi wa zamani Joseph Kabila, walihamia Union sacrée, kambi ya Tshisekedi, na viti vyao wakabaki navyo.

Kinyume chake pia hutokea, kiongozi anatoka na watu wake wanabaki. Moïse Katumbi alipoondoka Union sacrée Desemba 2022, baadhi ya mawaziri wa Ensemble, chama chake, walijiuzulu, wengine wakaendelea na kazi.

Kwa magavana na maseneta usitafute kura yako kabisa. Wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, na huko pesa inatajwa kila mara. Machi 2019 wafuasi wa UDPS waliingia barabarani Kinshasa na Mbuji-Mayi baada ya kura ya Seneti, wakiwalaumu wabunge wao wenyewe.

“Sisi wa baze hatusikilizwi hata tukilia”

Tarehe 11 Novemba 2018, huko Geneva, viongozi saba wa upinzani walimteua Martin Fayulu kuwa mgombea wao mmoja wa urais. Kesho yake wawili kati yao, Tshisekedi na Vital Kamerhe, waliondoa saini zao, wakisema baze, yaani wanachama wa chini, imekataa. Kama uamuzi ule ulikuwa mzuri, watu bado wanabishana. Ila unaonyesha wakati ambao baze ina nguvu: kabla majina hayajafika CENI. Orodha ikishawekwa na muda wa kurekebisha kwisha, kelele za federasheni hazibadilishi jina hata moja.

Wengine hukata shauri la kugawanya chama. Katanga inalijua hilo tangu enzi za UDPS/Kibassa, kipande cha UDPS kilichojitenga. Hapo ugomvi unahamia Wizara ya Mambo ya Ndani na mahakamani, kila upande ukidai jina na bendera. Kabla ya kumfuata yeyote, omba kuona muhtasari wa kongre iliyomchagua na orodha ya wajumbe waliotia saini, kisha uhesabu kama wanafika idadi inayotakiwa na statuti.