Fremu ya kutembelea kwenye vilima vya Bukavu

Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi. Familia nyingi zikija kwangu kumtafutia mgonjwa fremu, kile kifaa cha miguu minne anachoshika kwa mikono miwili akitembea, zinaanza na swali lile lile: "Kine, tumtafutie ya magurudumu mawili au manne?" Mimi kwanza namwomba mgonjwa anikamate mikono na kuibana kwa nguvu zake zote. Watu wanadhani fremu ni mambo ya miguu, kumbe mabega na viganja ndivyo vinavyobeba mzigo. Mzee aliyepigwa kiharusi, vidole vya upande mmoja havifungi tena, fremu ya kawaida itamzungusha tu. Huyo namshauri mkongojo, hasa ule wenye miguu minne chini, aushike kwa mkono wake mzima.

Mikono ikikamata vizuri, ndipo tunafika kwenye magurudumu. Fremu isiyo na gurudumu hata moja ndiyo iliyotulia kuliko zote, lakini inanyanyuliwa kila hatua, na ya alumini ina kama kilo mbili hadi tatu. Mama aliyevunjika nyonga ambaye mabega yake bado yana nguvu itamfaa. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, simpi: akiinyanyua tu, mwili unaweza kumvuta kinyumenyume. Ya magurudumu mawili mbele ndiyo ninayoichagua mara nyingi, kwa sababu inasukumwa, na ukiiegemea miguu ya nyuma inakamata chini.

Ile ya magurudumu manne, yenye breki na kiti, ndiyo watoto walioko Ulaya wanayopenda kutuma. Ni nzuri, siikatai. Lakini inamfaa mtu anayetembea mwenyewe ila anachoka au anakosa pumzi, tena kwenye njia tambarare. Bukavu tambarare tunayo kiasi gani? Kwenye vijia vya mtaa wa Kadutu, mtu akiilalia kwa uzito wake wote itamtangulia bondeni. Na kile kiti kisikaliwe kabla breki zote mbili hazijafungwa.

Kuna ukweli ambao familia hazipendi kuusikia: kwa wengi wanaokaa mlimani, fremu itakuwa ya nyumbani na uani tu. Ngazi za udongo hazipandwi na fremu, ya aina yoyote ile. Siku ya misa au ya hospitali, watu wawili watamsaidia kufika barabarani na wa tatu ataibeba fremu. Heri kupanga hivyo mapema kuliko kununua kitu cha bei kubwa kikalala nyuma ya mlango.

Mlango wenyewe uupime. Fremu nyingi za mtu mzima zina upana wa karibu sentimita 60 kwenye miguu, na milango ya vyumba vya mbao, hasa ya choo cha nje, mara nyingi haifiki hapo. Chukua kamba, pima kitanda hadi ukutani, mlango wa chumba, kisha choo. Choo ndicho safari ya kila siku. Fremu isipoingia huko, nusu ya kazi yake imepotea. Kama njia ya uani ni tope kuanzia Septemba hadi Mei, mwageni changarawe na muishindilie kabla ya yote.

Urefu hauna ubishi. Mgonjwa asimame wima kadiri anavyoweza, amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia: mshikio uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kitapinda kidogo. Ikizidi, mabega yanapanda masikioni. Ikipungua, anatembea ameinama kama anayetafuta sarafu.

Kutembea: fremu mbele, mguu dhaifu, kisha mguu wenye nguvu. Akitoka kitini asivute fremu, asukume kwa mikono kwenye kiti chenyewe. Mama afunge kikwembe juu ya vifundo vya miguu ili kisinase. Kandambili, hapana. Na mfuko mzito usitundikwe mbele, utaipindua.

Ukinunua iliyotumika, bonyeza vitufe vya miguu yote minne. Kila kimoja kirudi na kutoka vizuri kwenye tundu lake. Tazama viungo kama vina ufa, na mpira wa chini kama mistari yake imelika. Mpira uliolika kwenye saruji yenye maji ni hatari kuliko kukosa fremu.

Fundi wa kuchomelea naye anaweza kuitengeneza kwa bomba la chuma. Itakuwa nzito kuinyanyua, kwa hiyo mwambie aweke magurudumu mawili mbele. Mpe kipimo cha kifundo cha mkono hadi chini, viatu vikiwa miguuni, na umkumbushe kwamba kipimo hicho tayari kina unene wa mpira ndani yake. Wengi wanakata bomba kwanza, wanavalisha mpira baadaye, na fremu inazidi.