Mhenga si mtu aliyepitwa na wakati

Huyu ni mteja wa tatu mwezi huu kulikataa neno "mhenga". Ameniletea wasifu wa marehemu babu yake niuhariri. Mstari wa pili nikaandika "mhenga wa ukoo", naye akapiga simu akitaka nilifute: "Watu watadhani babu alikuwa mshamba."

Hapana, hapana. Mhenga ni mtu mwenye hekima, hasa wa zamani, ambaye kauli zake watu wamezishika na kurithishana. Ndiyo maana tunatanguliza "wahenga walinena" kabla ya methali. Hatuwataji kwa kuwa walizaliwa zamani. Wangapi walizaliwa zamani na hatukushika hata neno lao moja? Kilichotokea ni kwamba watu walizoea kulisikia neno hili likiandamana na mambo ya kale, wakaokota ukale, hekima wakaiacha njiani. Sasa mtandaoni ukisema unakumbuka kuzungusha kaseti kwa kalamu, au kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, unaambiwa wewe mhenga. Kama ni utani wa marafiki, sina ugomvi nao, lugha hukua. Ila utani huo haujaifuta maana ya kwanza, na kwenye wasifu, hotuba au kitabu hiyo ndiyo ya kushikwa.

Wateja wangu nawapa kipimo kimoja: weka "mwenye hekima" mahali pa "mhenga". Sentensi ikikubali, liache. "Mjomba ni mhenga, hajui kutuma pesa kwa simu" inakataa papo hapo. Huyo ni mtu wa kizamani, basi andika hivyo.

Na "mshamba" je? Huyo naye huingizwa humohumo bila sababu. Ushamba ni ugeni wa mambo ya mjini, hauna umri. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa mshamba, na bibi wa miaka 80 aliyezaliwa na kukulia Kariakoo asiwe.

"Mkongwe" si tusi. Mchezaji mkongwe, mwanamuziki mkongwe: hiyo ni heshima ya mtu aliyedumu kwenye kazi yake. Usimchanganye na kikongwe, ambaye ni mzee aliyelemewa na umri.

Kuna pia wanaodhani mhenga lazima awe mwanamume. Wametoa wapi? Neno halibagui. Bibi aliyekulea kwa methali, ukazishika hadi leo, ni mhenga kamili. Mwandike hivyo.