Pilato hakuzaliwa Fortingall

Kijiji kidogo cha Fortingall, Perthshire, Uskoti, kinasifiwa tangu zamani kuwa ndiko alikozaliwa Pontio Pilato, mtawala wa Kirumi aliyemhukumu Yesu, eti baba yake alikuwa mjumbe wa Kirumi. Tarehe zinakataa. Pilato alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36. Jeshi la Roma lilianza kuiteka Britania mwaka 43, na Uskoti likafika miongo kadhaa baadaye.

Fahari halisi ya kijiji imesimama uani kwa kanisa: mti uitwao yew, wa kundi moja kubwa na misonobari, unaokadiriwa kuwa na miaka 2,000 au zaidi. Shina limepasuka, ungedhani ni miti kadhaa. Wageni waliumega wakibeba kumbukumbu, hata ukazungushiwa ukuta. Mwaka 2015, ingawa ni mti dume, tawi lake moja lilizaa matunda mekundu.