Kamati ya amani na haki ya jamii kwa Wamennonite: maana yake na ilikotoka

Katika makanisa ya Kimennonite, hasa ya Marekani na Kanada, kuna kamati isiyoshughulika na kwaya, sadaka wala ujenzi. Ni ya amani na haki ya jamii: waumini waliokabidhiwa na kanisa masuala ya vita, jeshi, ubaguzi wa rangi, kazi na umaskini. Kamati hii haitoi amri. Inachunguza jambo, inaandika tamko, inatuma watu kuzungumza na serikali, kisha inapeleka pendekezo kwenye mkutano wa kanisa, ambao unaweza kulipitisha au kulitupa.

Amani na haki zimewekwa pamoja katika jina hilo, lakini hazikuingia kanisani siku moja. Amani ilikuwapo tangu mwanzo. Haki ilichelewa sana, tena ilibidi watu waisukume.

Wamennonite wanatokana na Waanabaptisti, Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, walioanzia Zürich, Uswisi, mwaka 1525, na jina lao linatoka kwa Menno Simons, Mholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536. Neno la Yesu katika Mathayo 5:39, "Msishindane na mtu mwovu," walilishika lilivyo. Hawakushika silaha wala kula kiapo, na serikali ilipowabana walifungasha na kuhama. Ndivyo walivyofika Urusi, na ndivyo walivyofika Pennsylvania.

Mwaka 1917 Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza na kuandikisha vijana jeshini kwa lazima. Sheria iliwaruhusu wa makanisa haya wasipigane, lakini wakiwa ndani ya jeshi lilelile. Waliokataa hata kuvaa sare walipata mateso kambini, na baadhi walifungwa. Kutokana na hayo Kanisa la Mennonite likaunda Kamati ya Masuala ya Amani. Tuseme wazi: ilikuwa ngao ya vijana wa kanisa lenyewe. Mateso ya watu wengine hayakuwa kwenye ajenda.

Watu huichanganya kamati hii na Kamati Kuu ya Mennonite, MCC, iliyoundwa mwaka 1920 kupeleka chakula kwa wenye njaa kusini mwa Urusi, katika Ukraine ya leo. Ni vyombo viwili tofauti, ingawa watu wake waliingiliana. Mmoja wao ni Orie Miller, mfanyabiashara wa viatu kutoka Akron, Pennsylvania. Alikwenda na msafara wa kwanza wa msaada, na kwa miaka mingi akawa katibu wa Kamati ya Masuala ya Amani. Msomaji wa Musoma huenda analifahamu jina lake kwa sababu nyingine: ndiye aliyefuatana na Elam Stauffer kuja Tanganyika kutafuta mahali pa misheni, na mwaka 1934 kazi ikaanza Shirati. Kanisa la Mennonite Tanzania lina chimbuko lake hapo.

Vita vya pili viliwakuta wamejipanga. Sheria ya mwaka 1940 ilikubali kazi ya kiraia badala ya jeshi, na kambi ya kwanza ikafunguliwa Patapsco, Maryland, Mei 1941. Vijana wapatao 12,000 walipitia mpango huo, na Wamennonite walikuwa zaidi ya 4,500. Hawakulipwa mshahara, gharama kubwa ilibebwa na makanisa. Walipanda miti, walizima moto wa misituni, na maelfu walipelekwa kuhudumu katika hospitali za wagonjwa wa akili. Huko waliwakuta wagonjwa wamerundikwa, wengine uchi, wakitulizwa kwa kipigo. Kijana aliyekuwa amekwenda pale ili asiue mtu sasa alikuwa na jambo jingine la kuwaeleza wazee wake. Mwaka 1949 Wamennonite walifungua hospitali yao ya akili, Brook Lane, Maryland.

Upande wa kazi kulikuwa na kamati nyingine, ya mwaka 1939, iliyoongozwa na mwanahistoria Guy Hershberger. Ilizungumza na vyama vya wafanyakazi ili Mmennonite asilazimike kujiunga wala kugoma, na ada yake iende kwenye misaada. Mgomo waliuona kuwa ni kumshurutisha mwajiri. Kwangu, hapo ndipo mafundisho yao yalipokuwa dhaifu: mnyonge akiambiwa asishurutishe mtu, mwenye nguvu hapotezi kitu.

Hoja inayofanana na hiyo waliisikia kwa ukali kutoka kwa Vincent Harding, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiongozi miongoni mwao. Mwaka 1961 yeye na mkewe Rosemarie walianzisha Nyumba ya Mennonite, makazi ya watu wa kujitolea, huko Atlanta, katikati ya harakati za haki za raia. Harding alilihoji kanisa lililojali sana vijana wake wasiende jeshini huku likinyamazia yanayowapata weusi. Ndiye baadaye aliyeandika rasimu ya hotuba ya Martin Luther King ya kupinga vita vya Vietnam, iliyotolewa tarehe 4 Aprili 1967.

Mwaka 1965 kamati ya amani na ile ya Hershberger ziliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Masuala ya Jamii. Miaka mitatu baadaye MCC ikafungua ofisi Washington, jirani na serikali, jambo ambalo babu zao wangelishangaa.

Kisha, Agosti 1969, vijana walikuja kwenye mkutano mkuu huko Turner, Oregon, na ombi zito. Hata ile kazi mbadala waliikataa, kwa kuwa waliiona ni sehemu ya mfumo uleule wa kuandikisha watu vitani. Nafuu waliyoipigania wazee wao tangu 1917 wao hawakuitaka, wakijua kwamba kuikataa ni kosa la jela. Wajumbe walibishana, kisha wakapitisha azimio kwamba kutoshirikiana na uandikishaji huo nako ni ushuhuda halali wa Mkristo.