Jiwe lenye matundu halijaoza

Wiki hii mteja mwingine amenirudishia jiwe la kona ya nyumba, nililochonga kwa lava iliyoganda. "Papa fundi, hili limeoza, angalia matundu." Naandika, maana mdomo umechoka.

Matundu ni mapovu ya gesi. Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu wa Goma, ina silika kidogo, yaani madini yanayofanya lava inate, hivyo hutiririka kwa wepesi. Gesi hupanda, uso hupoa haraka na mapovu hufungwa humo. Lava ya Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya kiwanja cha ndege, juu ina matundu tele. Chimba chini, unapata jiwe zito. Ni lava ile ile.

Kinachoua jiwe ni ufa. Mimi huligonga kwa nyundo ndogo: zima linalia, lenye ufa linajibu kwa sauti butu. Ila nisikudanganye, lililolowa huweza kuitika vibaya hata likiwa zima, na mvua ya Goma haiombwi. Nikitilia shaka naliacha likauke. Mteja akinikimbiza, naliweka kwenye msingi, konani haliendi.

Vijana nao huona matundu wakadhani jiwe ni laini. Wanalaza tindo kana kwamba wanachonga ubao. Inanasa kwenye tundu, inang'oa kipande, ukingo umekwenda! Kuta za matundu ni ngumu, na palipopoa ghafla hukatika kama chupa. Simamisha tindo, gonga kidogo kidogo, na daima toka ukingoni kuja ndani, usipige kuelekea nje. Kwanza nyoosha ukanda mwembamba pande zote nne, weka rula juu yake mpaka isiyumbe, ndipo uondoe nundu ya katikati. Anayeanza na nundu anachonga kwa kubahatisha. Miwani vaa.

Vitabu vinasema ulilaze jiwe jinsi lilivyolala ardhini. Sawa kwa mawe ya chokaa na ya mchanga, yaliyojengeka tabaka kwa tabaka. Kwa lava, mimi hulaza mapovu marefu yafuate usawa wa ukuta, lakini ni mazoea tu. Sijaona ukuta ulioharibika kwa sababu fundi aliyageuza.

Matundu nayakataa kwenye nakshi nyembamba, na chini ya dirisha ambako maji hutuama. Kwingineko yanashika simenti vizuri.

Na ukishalipia uchongaji, tafadhali usinipigie tena kuuliza bei ya lipu ya kuufunika.