Je, Wajua Kwa Nini Treni Inaweza Kujaa Abiria na Mwenye Hisa Asipate Kitu?

Mdogo wangu wa Wete alipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, akakuta kila kiti kina mtu. Aliporudi Pemba alinipigia simu. "Kaka, nimeuza karafuu, pesa ipo. Nataka hisa za reli. Biashara ile haiwezi kufa."

Nilianza na jibu jepesi: hisa hizo haziuzwi. Reli ya kisasa iko mikononi mwa Shirika la Reli Tanzania, na shirika hilo ni la serikali. TAZARA nayo, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni ya serikali mbili, Tanzania na Zambia, nusu kwa nusu. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya reli. Anayetaka hisa za reli atazikuta Marekani, Kanada, Japani au Hong Kong, tena kwa fedha za kigeni.

Lakini lile neno lake kwamba kilichojaa hakifi halikunitoka kichwani. Sisi wa Unguja tulikuwa na reli, na ilikufa.

Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga njia ya maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu mnamo 1904 na 1905. Gari ya moshi ilipita katikati ya mji, karibu na milango ya watu, ikatoka kuelekea mashamba ya kaskazini. Mwaka 1911 serikali ikainunua. Baadaye barabara zikatengenezwa, motokaa zikaongezeka, na kufikia 1930 reli ilikuwa imefungwa. Leo Bububu tunakwenda kwa daladala ya 502.

Tazama tofauti ya mwenye daladala na mwenye reli. Mwenye daladala hakujenga barabara. Analipa leseni, mafuta, matairi na konda, basi. Abiria wakipungua anaiegesha, au anaomba kibali cha kuihamishia Fuoni, au anaiuza. Mwenye reli amelala na gharama kabla hajauza tiketi hata moja: tuta, mataruma, vyuma, madaraja, ishara, mafundi wa kukagua njia usiku na mchana. Treni ikienda tupu au ikienda imejaa, sehemu kubwa ya gharama hiyo haisogei. Na reli haihamishwi. Ukiijenga mahali ambapo watu wamepata usafiri mwingine, umezika pesa ardhini.

Kwa hiyo treni iliyojaa haikuambii kitu mpaka ujue mambo mawili: nauli inapangwa na nani, na njia ilijengwa kwa pesa ya nani. Nauli ya abiria, katika nchi nyingi, ina mkono wa serikali. Kwetu huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Na ni haki iwe hivyo, kwa sababu treni ya abiria ni huduma, na mwananchi wa kawaida aweze kuipanda. Ila nauli anayoimudu mwananchi mara nyingi haitoshi kulipa njia, achilia mbali gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa bahari, nasi ni watu wa bahari. Mwaka 1987 kampuni ya Eurotunnel iliwauzia watu wa Uingereza na Ufaransa hisa za njia ya treni itakayopita chini ya bahari, kilomita 50. Walionunua walikuwa wengi, na miongoni mwao watu wa kawaida waliotoa akiba zao. Njia ilifunguliwa 1994. Kazi ya uhandisi ilikuwa ya ajabu kweli, na mpaka leo treni zinapita humo. Lakini ujenzi uligharimu karibu mara mbili ya makadirio, abiria waliokuja hawakufika hata nusu ya waliotabiriwa, na boti za juu hazikukaa kusubiri kufa: zilipunguza nauli. Fikiria boti zetu za Dar zikishindana na daraja. Nahodha gani angeacha abiria waende hivihivi? Mwaka 1995 kampuni ikasimamisha kulipa riba ya madeni yake, na 2007 madeni yalipopangwa upya, wenye hisa wa mwanzo walibaki na sehemu ndogo mno. Walioingia baadaye, kwa bei ya chini, waliikuta njia imeshachimbwa.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Aliyejenga hubeba mzigo wa ujenzi, na anayefuata hula matunda. Uingereza iliyaona hayo mapema zaidi: mwaka 1846 bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 250 za reli mpya, watu wakagombania hisa, bei zikaporomoka, na karibu theluthi ya njia hizo haikujengwa kabisa.

Sasa, mbona Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, alinunua reli? Kampuni yake, Berkshire Hathaway, ilikamilisha ununuzi wa BNSF mwaka 2010, kwa dola 100 kila hisa. Lakini BNSF ni reli ya mizigo. Njia nyingi ni zake yenyewe, zilijengwa zamani, na hubeba nafaka, makontena na makaa ya mawe kwa maelfu ya kilomita, masafa ambayo lori halifui dafu, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma linabingirika kwa mafuta kidogo. Hata hivyo makaa ya mawe yamepungua sana huko, na reli imepoteza sehemu ya mzigo huo. Hong Kong wana njia yao nyingine: kampuni ya MTR hujenga majumba juu na pembeni ya vituo, na ardhi inasaidia kuilipia treni.

Kwa Mwislamu kuna swali la ziada, nalo ni zito. Reli hukopa sana, na mikopo mingi ni ya riba. Wanavyuoni wengi wanaoruhusu hisa huweka kikomo cha deni la riba ambalo kampuni inaweza kuwa nalo, na kampuni nyingine za reli huvuka kikomo hicho.

Nilimshauri mdogo wangu asiingize fedha ya ada za watoto wala ya kupalilia shamba, na asinunue kabla hajajua kila dola mia inayoingia, ngapi humezwa na uendeshaji. Nimempelekea ripoti ya mwaka ya kampuni moja ya Marekani. Ijumaa baada ya swala tutaisoma pamoja kwa simu, tuanze na ukurasa wa madeni.